Motoka za waya mbele ya apareyi: kazi ya watoto wetu wa Kalemie na namna ya kuilinda

Watu wakisikia neno « desturi » wanafikiri mara moja ngoma, mahari, uvuvi wa ndakala ao majina ya ukoo. Sisi tumeomba nafasi kidogo ya kusema juu ya kitu ambacho wengi hawakihesabu: motoka ambazo watoto wetu wanatengeneza kwa waya, mikebe na sandali zilizochakaa. Tena hatutasema juu ya motoka zenyewe tu. Tutasema pia namna ya kuzipiga foto nyumbani, kwa vitu vyepesi, ili zisipotee. Labda mtu atacheka na kusema: mwalimu mzima anaandika juu ya michezo ya watoto! Tunamwomba asome mpaka mwisho kwanza.

Jambo lililotusukuma ni hili. Mwaka 2011 mwanafunzi wetu mmoja alileta shuleni jipu ya waya, nyeupe yote, na herufi UN ubavuni, sawasawa na zile za MONUSCO zilizokuwa zinapita kila siku kwenye avenue Lumumba. Taa zake zilikuwa vifuniko vya chupa. Magurudumu yalikatwa katika sandali za mpira. Usukani ulikuwa waya mrefu unaofika mpaka kiunoni, na ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yalikata kona kweli kweli. Tulifurahi, tukaweka jipu ile chini uwanjani saa sita mchana, tukasimama juu yake na kupiga foto moja na flashi. Basi. Baada ya miezi michache wadogo zake waliivunja kwa kutafuta waya. Leo mtoto yule ni mekanisye huko Lubumbashi, ana watoto wake. Alituomba ile foto awaonyeshe. Tulipoitafuta, tulikuta nini? Alama nyeupe iliyoungua kwa mwangaza, kivuli cheusi chini yake, na kivuli cha kichwa chetu juu ya yote. Hata herufi UN hazisomeki. Tulipata haya. Kazi ilikuwa kubwa, sisi ndio tuliishindwa.

Motoka zinafuata historia ya mji

Mtu akiangalia vizuri, ataona kwamba watoto wa hapa hawatengenezi motoka yoyote tu. Wanatengeneza ile inayopita mbele ya macho yao. Mji wetu ulikuwa unaitwa Albertville mpaka 1966. Njia ya reli kutoka Kabalo ilifika hapa 1915, kazi ya kampuni ya CFL, na tangu hapo treni na bandari ndivyo vilivyolisha mji. Sisi tuliozaliwa wakati wa Zaïre tulikuwa tunatengeneza treni: mikebe ya maziwa iliyofungwa mmoja nyuma ya mwingine kwa kamba, na ule wa mbele umetobolewa kwa msumari kuwa bomba la moshi. Treni za moshi wengi wetu hatukuziona, lakini baba zetu waliziona, na mikebe ilifuata masimulizi yao. Halafu zilikuja kamyo kubwa za barabara ya Nyunzu na ya Uvira. Mtoto alipima kwa macho urefu wa karoseri na kuongeza mizigo juu, magunia ya mihogo ya kitambaa, hata msaidizi wa dereva wa udongo amekaa juu ya mizigo.

Vita iliyoanza 1998 ilifunga barabara nyingi. Miaka iliyofuata askari wa MONUC walifika, na kundi lao lilibadilishwa jina kuwa MONUSCO 2010. Ndipo jipu nyeupe zilipojaa katika kartiye, za kweli na za waya. Mwaka 2022 MONUSCO iliondoka katika jimbo letu la Tanganyika. Kidogo kidogo jipu nyeupe za waya nazo zikaondoka. Leo ukipita Kataki ao Lubuye, mtoto anayekunja waya anakunja pikipiki, maana pikipiki ndiyo inayobeba watu sasa.

Kwa hiyo mtu akiweka kwenye mstari mmoja treni ya mikebe, kamyo ya magunia, jipu ya UN na pikipiki, anaweza kuwafundisha watoto historia ya Kalemie ya miaka mia moja bila kufungua kitabu. Hii ni arshivi. Lakini ni arshivi ya waya, na waya una kutu. Unavunjwa kutengeneza mtego wa panya. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana yakaingia katika nyumba nyingi za upande wa pwani, na kila nyumba ilitoa kwanza magodoro na sufuria. Nani angekumbuka motoka ya mtoto?

Foto inabeba nini, na inaacha nini

Tuna mfano mkubwa hapa hapa kwetu. Mwaka 1915, katika vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kupigana na meli za Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Mkubwa wao aliitwa Geoffrey Spicer-Simson. Mashua hizo zilitoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume. Toka Fungurume mpaka Sankisia zilivutwa porini na milimani kwa trakta za moshi, kwa ng'ombe na kwa nguvu za watu. Halafu treni mpaka Bukama, mto Lualaba mpaka Kabalo, na reli yetu mpya mpaka ziwani. Desemba 1915 zilishushwa majini hapa, na tarehe 26 ya mwezi ule zikakamata meli ya Wajerumani, Kingani.

Safari ile inajulikana dunia nzima, sababu mojawapo ni kwamba ilipigwa foto. Zinaonekana trakta, zinaonekana mashua juu ya magari yake katikati ya miti. Wanaonekana pia watu wetu, waliokata miti, waliojenga madaraja, waliovuta kamba. Jina la mkubwa tunalo. Majina ya mashua tunayo. Majina ya wavuta kamba hatuyaoni chini ya zile foto. Foto ilibeba chuma ikaacha jina la mtu. Tukumbuke jambo hili, tutalirudia mwishoni.

Wenzetu wa mahali pengine

Kutengeneza motoka ndogo kwa kipimo si kazi ya hapa peke yake. Kule Uingereza kampuni Meccano ilianza kuuza vimotoka vya chuma miaka ya 1930, na tangu 1934 viliitwa Dinky Toys. Jambo la kupendeza kwetu watu wa reli: mwanzoni vilikuwa pambo la treni za kuchezea, ndiyo maana kipimo kilichoenea baadaye kwa vimotoka vya namna ile, 1/43, kilitoka katika treni zile. Maana ya 1/43 ni kwamba motoka ya kweli yenye urefu wa mita 4,30 inakuwa sentimita 10 mezani. Mtoto wetu hana karatasi ya kipimo, lakini ana jicho. Tulipima kamyo moja ya waya: gurudumu lilikuwa sentimita 9. Gurudumu la kamyo ya kweli linakaribia mita moja. Kumbe mtoto alifanya karibu 1/11 bila mtu kumfundisha hesabu.

Katika nchi yetu yuko Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 na kufariki Kinshasa 2015. Yeye alitengeneza miji mizima ya kartoni, karatasi na plastiki. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa kutengeneza vitu vilivyoharibika katika muzé ya Kinshasa. Mwaka 2018 kazi zake zilionyeshwa peke yake katika muzé kubwa ya sanaa ya kisasa huko New York. Huyu ni Mukongomani mwenye makasi na gundi! Basi kitu kidogo si lazima kiwe kitu cha kudharauliwa.

Juu ya kupiga foto, tumejifunza mengi kwa Mmarekani mmoja, Michael Paul Smith, aliyefariki 2018. Yeye alitengeneza mji mdogo alioupa jina Elgin Park, akatumia vimotoka vya kipimo cha 1/24. Aliviweka juu ya meza nje, barabarani, na nyuma yake kwa mbali ilikuwa miti na nyumba za kweli. Apareyi yake ilikuwa ndogo, ya bei ya kawaida, na hakuunganisha foto kwa kompyuta. Alitafuta tu mahali pa kusimamisha meza mpaka kitu kidogo cha karibu kikalingana na kitu kikubwa cha mbali. Watu wengi waliona foto zake wakadhani ni mji wa kweli wa zamani.

Wala tusisahau pwani ya Waswahili. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio 1930. Mombasa, karibu na kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na vibanda vyenye vitambaa vilivyochorwa meli na ndege, na mteja alisimama mbele yake kama msafiri. Wazee wetu pia walipiga foto za namna hiyo mbele ya pazia. Studio, basi, ni nini? Ni kitambaa, mwangaza, na mtu anayejua kuvipanga. Vyote vitatu tunavyo nyumbani.

Studio ya nyumbani

Sasa tueleze kazi yenyewe, vile tulivyoijaribu pamoja na wanafunzi. Makosa tuliyafanya mingi, na tunayaandika ili mwingine asiyarudie.

Ya kwanza ni mwangaza. Jua la saa sita linaua foto, na flashi ya mbele nayo vilevile: inaunguza palipo karibu na kutupa kivuli kigumu nyuma. Kinachotakiwa ni mwangaza mpole unaotoka upande mmoja. Hapa Kalemie jua linachomoka ziwani, upande wa mashariki. Kwa hiyo asubuhi tafuta dirisha linaloangalia magharibi, na alasiri geukia dirisha linaloangalia ziwa. Hapo jua halipigi ndani moja kwa moja. Kama una dirisha moja tu na jua linaingia, funga shuka jeupe ao chandarua kilichokunjwa mara mbili. Zima balbu ya chumba, maana rangi yake ya manjano inachafua rangi ya motoka. Faida ya njia hii ni kwamba umeme ukikatika, studio yako inaendelea.

Ya pili ni nyuma ya kitu. Tulitumia karatasi ngumu kubwa ya rangi moja. Upande wa juu tuliubandika ukutani, upande wa chini tukaulaza mezani, katikati ikajipinda yenyewe bila kukunjwa. Karatasi isipokuwa na mkunjo, jicho halioni meza inaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Kwa motoka nyeupe usiweke karatasi nyeupe. Chukua ya kijivu ao ya buluu. Waya mtupu unaonekana vizuri mbele ya karatasi nyepesi, maana kila mstari unasomeka kama wino kwenye daftari.

Ya tatu ni upande wa kivuli. Dirisha likiwa kushoto, upande wa kuume unakuwa mweusi. Simamisha kartoni iliyofunikwa karatasi ya fedha, ile inayokuwa ndani ya pakiti za biskuti na majani ya chai, nayo itarudisha mwangaza. Ikiwa mikebe inang'aa sana, weka badala yake karatasi nyeupe, inatosha. Na kama ubavu wa motoka unang'aa mpaka mwisho wake hauonekani, sogeza kartoni nyeusi pembeni: mstari mweusi utajichora juu ya chuma na kuonyesha umbo.

Ya nne, ambayo ndiyo kubwa, ni kimo cha apareyi. Tukipiga kutoka juu, tunaona mchezo wa mtoto. Tukishuka mpaka kimo cha macho ya mtu anayesimama kando ya motoka ile, tunaona motoka. Hesabu ni nyepesi, hata darasa la saba wanaiweza. Macho ya mtu mzima yako karibu sentimita 160 juu ya ardhi. Kwa kimotoka cha 1/43 gawanya kwa 43: karibu sentimita 4 juu ya meza. Kwa kamyo yetu ya 1/11: karibu sentimita 15. Anayetumia simu aipindue kichwa chini, jicho la kamera litakuwa karibu na meza, halafu aigeuze foto baadaye.

Ya tano, usisogee karibu mno. Simu ikikaribia sana, inapanua mdomo wa motoka na kufanya sehemu ya nyuma ikimbie. Tena unapokuwa karibu sana, taa za mbele zinaonekana wazi lakini mlango na karoseri vinakuwa ukungu. Rudi nyuma mpaka karibu mita moja, vuta kwa zumu mara mbili, halafu ukate pembe za foto. Mwenye apareyi ya kweli afunge diafragma mpaka 11 ao 16. Mwangaza utapungua, basi apareyi itahitaji muda mrefu, na mkono unatetemeka. Iweke juu ya kitu kigumu, tofali ao vitabu viwili, na tumia saa ya sekunde 2 ili kidole kisiitingishe.

Ya sita ni ardhi. Wanafunzi walitaka barabara, wakaleta mchanga wa ziwa. Kwenye foto kila punje ilionekana kama jiwe la kujengea! Tulichukua udongo wa kichuguu, tukautwanga na kuuchekecha kwa chekeche ya unga wa mihogo. Hapo ikawa vumbi la barabara ya Nyunzu kabisa. Mama mwenye chekeche alitukasirikia, na alikuwa na haki. Nunueni yenu.

Foto mbili, si moja

Tulipofika hapo, wanafunzi walianza kupenda ile hila zaidi ya motoka yenyewe. Walifuta kutu, walipaka mafuta, mmoja alitaka kuondoa kifuniko cha chupa na kuweka taa ya tochi. Tulikataa. Foto inayodanganya ni nzuri kwa kucheza, lakini historia inataka pia foto isiyodanganya. Ndiyo sababu tuliweka sheria ya foto mbili. Ya kwanza ni ya heshima: motoka iko barabarani, chini, kama ya kweli, vile mtoto alivyoiona kichwani wakati alipokunja waya. Ya pili ni ya ushuhuda: karatasi tupu, motoka kwa ubavu, na pembeni rula ya shule ionyeshe sentimita. Kutu ibaki. Gurudumu lililopinda libaki.

Halafu inakuja kazi ya kalamu. Kwa kila foto andikeni: ilitengenezwa na nani, ana miaka mingapi, kartiye gani, mwaka gani, kwa vitu gani, na inafananisha motoka gani ya kweli. Kwa mtoto, ombeni kwanza ruhusa ya wazazi wake na yake mwenyewe. Foto moja ibaki kwenye simu, nyingine ichapishwe kwenye karatasi na kuwekwa nyumba nyingine, mbali na maji. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wanafikiri methali hiyo ni ya wafanyabiashara peke yao. Sivyo.

Tulisema tutarudia wale wavuta kamba wa 1915. Walibeba mashua mabegani mwa nchi hii, wakaingia katika foto, lakini wakabaki bila jina, kwa sababu aliyeshika apareyi hakuwa mtoto wa hapa na hakuuliza. Leo apareyi iko mikononi mwetu, iko mfukoni mwa karibu kila kijana. Kama jipu ya UN ya mwanafunzi wetu inapotea bila foto na bila jina, hatuwezi tena kusema ni kosa la mgeni.

Yule mekanisye wa Lubumbashi hatukuweza kumtumia foto. Tulimwambia ukweli. Naye alicheka kwenye simu, akasema: « Mwalimu, si shida, nitatengeneza ingine. » Baada ya wiki mbili ilifika foto yake: jipu nyeupe ya waya juu ya karatasi ya kijivu, mwangaza wa dirisha kutoka kushoto, na rula pembeni. Kwenye karatasi chini aliandika jina lake, jina la mtoto wake aliyemsaidia, na maneno « Kalemie, kama ilivyokuwa 2011 ». Foto hiyo ni ya kwanza katika daftari letu. Wasomaji wapenzi, tunangoja zenu.